Kumsomesha mtoto asiye na simu kuhusu uonevu wa mtandaoni

"Asalaam alaykum. Nasomesha darasa la tano katika skuli moja ya kaskazini Pemba. Wiki chache zilizopita ilianza kuzunguka stika ya mwanafunzi wangu mmoja wa kike. Picha alipigwa kwenye harusi ya kwao, kichwa wazi, yuko katikati ya kula, na aliyeitengeneza akaandika maneno ya kumcheka meno. Baadae ikatokea akaunti ya TikTok yenye jina la uongo inayowasema watoto wa darasa langu mmoja mmoja. Kila ninayemuuliza anasema hajui. Wengi wao hawana simu, wanatumia za mama zao na kaka zao. Yule mtoto sasa haji skuli. Mwalimu mkuu anataka tuite polisi waje mstarini wawatishe, na wazee wengine wanasema tukilizungumza darasani tutawafundisha wasiyoyajua. Mimi nataka nilisomeshe, lakini sijui nianzie wapi, niwaambie nini kuhusu mtu anayejificha jina, wala nifanye vipi nisimuumbue yule mtoto mara ya pili. Na nikimjua aliyefanya, nimfanye nini?"

Waalaykum salaam, mwalimu. Nitakujibu yote uliyouliza, lakini si kwa mpangilio wako. Wewe umeliweka somo mbele. Mimi nalisogeza nyuma kidogo, kwa sababu kuna mtoto yuko nyumbani na skuli inaendelea bila yake. Kila siku anayoikosa inamzidishia woga, mpaka kurudi kwenyewe kunakuwa kuzito kuliko ile stika.

Kwa hiyo kabla ya kuandaa kipindi chochote, nenda kwao. Kama wewe ni mwanamme, fuatana na mwalimu wa kike ambaye mtoto anamzoea. Zungumza na mama yake kwanza, umuombe asimgombeze mtoto kwa kukubali kupigwa picha, maana huenda hilo ndilo neno analolisikia tangu siku ya kwanza. Ukikaa na mtoto, usimuulize anamdhani nani. Mwambie kwamba umeijua habari yake, kwamba kosa si lake, na kwamba umekuja kupanga naye namna ya kurudi. Halafu msikilize. Huenda asiseme kitu, na hapo si vibaya ukakaa kimya naye. Anachokihitaji mtoto wa umri huo ni mambo madogo ya kila siku: nani atakwenda naye njiani asubuhi, atakaa na nani darasani, wakati wa mapumziko atakuwa wapi, na akichekwa amwendee mwalimu gani bila ya kuomba ruhusa. Mambo hayo manne yakikaa sawa, mtoto anaweza kurudi hata kabla stika haijaacha kuzunguka.

Muulize pia kuhusu somo unalotaka kulitoa. Mweleze kwamba hutataja harusi, wala picha, wala meno, na kwamba mfano utakaoutumia utakuwa wa mambo mengine kabisa. Akikwambia bado hayuko tayari, ngoja. Akisema siku hiyo asiwepo, mkubalie. Watu wameamua mengi juu ya mtoto huyu bila ya kumuuliza, na swali lako peke yake litampunguzia kitu.

Kuhusu stika yenyewe nikuambie ukweli ili usipoteze siku. Ukiiripoti kwenye mitambo ya kampuni, anayeiangalia huenda asione ubaya wowote: mtoto anakula, hana ushungi, basi. Huko aliko yeye hiyo ni picha ya kawaida. Hapa kwetu sote tunajua uzito wa msichana kuonekana kichwa wazi na watu wasio wake, na hakuna programu iliyoelezwa hilo. Njia yenye faida zaidi ni kuwafuata watu. Tafuta ni grupu gani zimeipitisha, uzungumze na adimini wa kila moja. Adimini wa grupu la WhatsApp ana uwezo wa kufuta ujumbe uliotumwa na mwanachama yeyote ukawaondokea wote. Aliyekwisha kuihifadhi kwake atabaki nayo, kwa hiyo adimini aandike maneno mawili ya heshima kuwaomba waifute. Usishangae ukikuta grupu moja ni la watu wazima na waliocheka humo ni watu wazima. Picha za harusini mara nyingi hutoka katika simu ya jamaa, na mtoto wa darasa la tano si lazima awe ndiye wa kwanza. Akaunti ya TikTok ni rahisi zaidi: iripoti kwa unyanyasaji, na kama una hakika mwenyewe ni mtoto, iripoti pia kwa umri. TikTok, WhatsApp, Facebook na Instagram zote zinataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13, na wanafunzi wako wengi wana kumi au kumi na moja.

Kabla ya kufutwa chochote, mtu mmoja mzima apige picha ya skrini ya stika, ya akaunti na ya tarehe, aziweke. Asizitume kwa mwengine. Nasema hivyo kwa picha kama hii yako tu. Ingekuwa picha ya mtoto akiwa uchi au nusu uchi, usiinakili, usiihifadhi, usimtumie hata mwalimu mkuu kwa ajili ya ushahidi. Kuisambaza ni kosa kubwa kisheria hata kama nia yako ni njema. Simu iliyonayo ipelekwe kama ilivyo kwa dawati la jinsia na watoto la polisi.

Sasa hofu za wazee na rai ya mwalimu mkuu. Wazee wanaosema utawafundisha watoto wasiyoyajua nawaelewa, lakini watoto wanayajua. Wameiona stika kabla yako. Wasilolijua ni la kufanya baada ya kuiona, na hilo hakuna anayewafundisha. Hata hivyo wazee wana haki katika jambo moja: namna ya kusomesha inaweza kuharibu. Ukisimama darasani ukaonesha jinsi stika inavyotengenezwa, au jinsi akaunti ya jina la uongo inavyofunguliwa, hapo ndipo utakuwa umetoa elimu waliyoiogopa. Usioneshe programu yoyote. Somo hili lote linasomesheka kwa ubao na chaki, na nafikiri hivyo ndivyo bora, kwa sababu linawahusu wote, mwenye simu na asiye nayo.

Wala usikubali kwamba asiye na simu halimhusu. Yule binti hakuhitaji kuwa na simu ili aumizwe. Wenziwe hawakuhitaji simu ili wamcheke wakati wa mapumziko. Stika inatengenezwa usiku kwenye simu ya kaka, inakaa asubuhi midomoni mwa watoto wa darasa zima. Uonevu wa mtandaoni kwa watoto wa msingi mara nyingi sana ni uonevu ule ule wa uwanjani uliopata njia ya pili, na wanaohusika wanajuana kwa sura.

Rai ya polisi mstarini ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, na nakuomba uzungumze na mwalimu mkuu kwa upole lakini usimfiche. Ni kweli sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kazi Bara na Zanzibar, na kifungu chake cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa kukusudia kumtisha, kumsumbua au kumtia dhiki. Adhabu yake inaanzia faini ya shilingi milioni tano au kifungo cha miaka mitatu. Lakini fikiria mtoto wa miaka kumi anayesikia hayo mstarini. Anajua kwamba alitumia simu ya mama yake. Laini ni ya mama, imesajiliwa kwa alama za vidole za mama. Tangu Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Kwa hesabu yake ya kitoto, polisi wakifuatilia watamkuta mama. Baada ya hapo hasemi kitu, si yeye wala rafiki yake aliyekuwa pembeni. Na yule binti naye, akisikia jambo lake limefika polisi mbele ya skuli nzima, atazidi kujifungia. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, kwa hiyo hapa una mtoto aliyeumizwa na una mtoto aliyeumiza, na skuli ina dhamana ya wote wawili. Askari wa dawati la watoto anaweza kukufaa sana akiwa mshauri wako ofisini.

Nije kwenye kujificha jina, maana nahisi ndiko uliko mzizi wa swali lako. Kwa nini mtoto mwenye adabu, anayekubusu mkono akikukuta njiani, anaandika maneno ambayo hangethubutu kumwambia mtu uso kwa uso?

Mwanasaikolojia wa Marekani, John Suler, aliandika juu ya jambo hili mwaka 2004, na maelezo yake bado yananifaa. Anasema jina lililofichika ni sababu moja tu kati ya kadhaa. Nyengine ni kutoonekana: anayeandika haoni uso wa anayeandikiwa. Nyengine ni muda: neno linatumwa sasa, linasomwa baadae, na aliyelituma amekwisha kulala. Nyengine ni kwamba mkubwa hayupo, yaani hakuna mwalimu wala mzazi anayehisiwa yuko karibu. Mtoto anapomtania mwenziwe uwanjani akaona macho yamejaa machozi, kitu ndani yake kinamzuia, hata kama hakuambiwa na mtu. Mtandaoni kizuizi hicho hakifiki. Ndiyo maana unaweza kukuta ukatili mkubwa kwenye grupu ambalo kila mtu anamjua mwenziwe kwa jina na namba. Hawajifichi, ila hawaonani.

Na kwa watoto wetu kuna namna ya kujificha ambayo vitabu vya ugenini haviitaji sana. Mtoto wa msingi wa Pemba au Unguja hajui mbinu za kompyuta. Anajificha nyuma ya simu ya mtu mzima. Ujumbe ukitoka unaonekana umetoka kwa mama fulani, na mama mwenyewe hana habari, yuko jikoni. Ukiuliza, mama anaapa kweli kwamba hakutuma, na mtoto anakaa kimya kwa sababu jina lake halimo. Hili ndilo la kulizungumza na wazee, na nitalirudia hapo mbele.

Kuna jambo jengine wanalojifunza kwetu. Sisi watu wa mwambao tuna ufundi mkubwa wa kusema na mtu bila ya kumtaja. Tunamvalia kanga yenye maneno, tunamtunzia nyimbo ya taarab kwa kumtazama mwengine, na siku hizi tunaweka stetasi ambayo kila aliyemo anajua inamhusu nani. Ufundi huo una uzuri wake, na mimi ni katika wanaoupenda. Ila mtoto anayemuona shangazi akiweka fumbo la kumuumiza jirani, halafu nyumba nzima ikacheka, amekwisha kupata somo lake la kwanza la kuumiza bila ya kushikika. Wazee wakikuuliza watoto wamejifunza wapi, waambie na hilo, kwa adabu.

Dan Olweus, aliyetafiti uonevu katika skuli za Sweden tangu miaka ya 1970 na baadae za Norway, aliutambua kwa mambo matatu: umekusudiwa, unarudiwa rudiwa, na anayeonewa ana nguvu ndogo kuliko anayemuonea. Mtandaoni hilo la kurudiwa linabadilika kwa namna inayowachanganya watoto. Mtoto atakwambia, "Mimi nilituma mara moja tu," na huenda ni kweli. Waliorudia ni wengine. Kila mmoja amefanya kidogo, na hakuna anayejiona kuwa muonevu. Hapa ndipo ninapotaka somo lako liweke uzito wake wote: kwa walioona na kupitisha. Mpango wa KiVa, wa kupinga uonevu katika skuli za Finland, uliotokana na kazi ya Christina Salmivalli na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Turku, umejengwa juu ya fikra hiyo hiyo, kwamba ukibadilisha wanaotazama unamnyima muonevu kile anachokifanyia kazi. Skuli zao na zetu hazifanani, madarasa yetu yamejaa na mwalimu ni mmoja, lakini fikra hiyo haihitaji fedha.

Basi vipindi. Nakushauri viwe vitatu vifupi katika wiki mbili au tatu. Kimoja kirefu cha siku moja watoto wanakisahau, tena kinanuka tukio.

Cha kwanza kifanye ndani ya hesabu, na usitaje uonevu mwanzoni. Chora duara moja ubaoni. Mtu mmoja kawatumia watatu. Kila mmoja kati ya hao kawatumia watatu wapya. Waache wapige hesabu wenyewe: 3, 9, 27, 81, na hatua ya tano 243. Wajumlishe tangu hatua ya kwanza, watapata watu 363. Walinganishe na idadi ya wanafunzi wa skuli nzima. Halafu uliza: ingekuwa mmoja tu katika wale watatu wa mwanzo hakuituma kwa mtu, mwishoni ingewafikia wangapi? Wakirudia hesabu watakuta 243. Mtoto mmoja, kwa kutofanya kitu, ameizuia isiwafikie watu 120. Hapo ndipo useme kwamba kilichokuwa kinatumwa ni maneno ya kumcheka mtu. Utaona madaftari yanatazamwa upya. Watoto wa umri huu wanaamini namba kuliko nasaha, na namba hii wameipata kwa mikono yao.

Cha pili ni cha sauti. Andika ubaoni sentensi moja nyepesi, kwa mfano "Kumbe na wewe umekuja?" Mwite mtoto aisome kwa furaha, kama aliyemuona rafiki yake. Mwite mwengine aisome kwa dharau. Waulize aliyeisoma kwenye simu, peke yake, usiku, ataisikia kwa sauti gani. Watakwambia itategemea na hali yake siku hiyo. Ndiyo hasa. Kutoka hapo waulize kuhusu neno "natania", ambalo ndilo kinga yao kubwa. Wasaidie wote kufika kwenye jawabu hili: ni mzaha pale ambapo na yule anayefanyiwa anacheka, na akikwambia acha, unaacha. Mtandaoni humuoni kama anacheka, kwa hiyo unapaswa kumuuliza kabla. Usiharakishe kipindi hiki, wape nafasi ya kubishana. Wakibishana vizuri kipindi kizima na kengele ikagonga kabla hamjamaliza, mwendelee siku ya pili.

Cha tatu ndicho cha jina lililofichika, na hapa kuna uongo wa aina mbili unaotakiwa uuepuke. Wa kwanza ni kuwaambia kwamba kila anayejificha lazima atajulikana. Si kweli. Ujumbe uliofowadiwa WhatsApp unaonesha kwamba umefowadiwa, hauoneshi nani aliyeuandika mwanzo, na stika hali kadhalika. Mtoto atakayegundua ulimdanganya hapo hatakuamini na mengine. Uongo wa pili ni kuwaambia kwamba kuficha jina siku zote ni tabia mbaya. Sisi wenyewe tunawataka wafiche. Hatutaki mtoto aweke jina lake kamili, skuli yake na sura yake kwenye mchezo wa simu anaocheza na watu asiowajua. Mtoto akipiga 116, ile namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto inayofanya kazi Bara na Visiwani, anaweza kueleza shida yake bila ya kulazimishwa kujitaja. Kwa hiyo wafundishe kuuliza mtu amejificha ili afanye nini: ajilinde, au amuumize mtu bila ya kujibu.

Mchezo wa kipindi hiki ni huu. Waambie unamfikiria mwalimu mmoja wa skuli yenu (umuombe ruhusa kabla), na utatoa dalili bila ya kumtaja: anakuja kwa baskeli, anapenda kusema neno fulani, wino wake ni wa kijani. Watamjua kwa dalili ya pili. Waulize na wao wanaacha dalili gani wanapoandika. Watataja maneno yao, makosa yao ya herufi, saa wanazoshika simu, dawati linaloonekana nyuma ya picha. Somo linakwenda pande mbili kwa pamoja: anayedhani amejificha huenda hakujificha, na anayetaka kujilinda aangalie anachokiachia.

Ila kaa macho na mchezo huo. Watoto wataanza kumtafuta mwenye ile akaunti, na baada ya siku mbili watakuwa wamemtuhumu mtu, pengine siye. Sema mapema kabisa kwamba kazi ya kutafuta si yao. Na hapa mwombe msaada maalim wa chuo cha Kurani wanachosoma jioni. Surat al-Hujurat ina aya 18 tu na watoto wengi wanaihifadhi kabla hawajajua maana yake. Aya ya 6 inaamrisha habari ichunguzwe kabla ya kufanyiwa kazi, watu wasije wakadhuriwa kwa kutojua. Aya ya 11 inakataza watu kuchekana na kuitana kwa majina mabaya. Aya ya 12 inakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Zote zimo katika sura moja, na sijui maandiko yanayogusa grupu la WhatsApp kwa karibu zaidi kuliko hayo. Maalim akizisomesha wiki ile ile unayofanya vipindi vyako, watoto watasikia kitu kimoja kutoka sehemu mbili wanazoziheshimu. Ningemuomba tu asiligeuze kuwa vitisho vya adhabu ya kaburi, kwa sababu ile ile niliyoisema kuhusu polisi.

Kwa madarasa ya chini, la kwanza mpaka la tatu, usiende mbali kiasi hicho. Wao watosheke na mambo mawili: usimpige mtu picha bila ya kumuuliza, na ukiona kitu kilichokutisha au kumliza mtu, mwambie mkubwa.

Kumwambia mkubwa ndiko kugumu kuliko yote, na kunawategemea wazee. Sababu kubwa ya mtoto kukaa kimya ni kwamba anajua akisema tu, simu itafichwa. Mtoto aliyeonewa ananyang'anywa kile anachochezea kwa kosa la mwenziwe, na siku nyengine hasemi. Itisha kikao cha wazee, si lazima kiwe kikubwa, mualike na sheha kama mna uhusiano mzuri. Waombe mambo matatu. Simu ya mama iwe na nywila ambayo mtoto haijui, ili kila anapoitaka aiombe na atumie akionekana. Mtoto akileta habari mbaya, kwanza ashukuriwe, simu itazungumzwa kesho yake. Na watu wazima waache kupiga na kusambaza picha za watoto wa wenzao harusini. Hilo la tatu huenda likaleta ubishi kikaoni. Uache uwepo, ni ubishi wenye faida.

Darasani unaweza pia kuweka sanduku la kutia vikaratasi bila ya jina. Funguo iwe yako peke yako, vikaratasi usivisome kwa sauti hata siku moja, na kama kimetaja mtu, ukichukue kuwa ni fununu tu mpaka uchunguze.

Nikuambie na wakati ambao mambo haya yanapita uwezo wa mwalimu. Kama yule binti hapati usingizi, hali chakula, anaumwa tumbo kila asubuhi bila ya ugonjwa, au anajiumiza mwili, usingoje vipindi. Kama amesema neno lolote la kutaka kufa au kwamba ingekuwa bora asingezaliwa, siku hiyo hiyo azungumze na mtu wa afya, na asiachwe peke yake. Kama utagundua nyuma ya akaunti kuna mtu mzima, au mtu anawaomba watoto picha, au anamtisha mtoto kwamba atasambaza picha asipofanya anachotaka, hilo si la skuli tena: nenda dawati la jinsia na watoto, au kituo cha Mkono kwa Mkono kama kile cha hospitali ya Chake Chake, ambako daktari, mshauri na polisi wanapatikana mahali pamoja. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako ajulishwe mapema hata kwa hili la sasa. Ukiwa mbali na vyote hivyo, na wewe mwalimu unaweza kupiga 116.

Limebaki swali lako la mwisho, ukimjua aliyefanya. Kwanza, usimtoe mbele ya watu na usimchape bakora. Mtoto aliyeaibishwa mbele ya mstari anajifunza namna ya kujificha vizuri zaidi, tena anapata wa kumlipizia, na atakayelipiziwa ni yule yule binti. Muite peke yake, mzee wake akiwepo, umuulize alichokifanya na si kwa nini. "Kwa nini" mtoto hana jawabu lake. Mwache aseme mpaka mwisho. Kisha mwambie yaliyompata mwenziwe tangu siku ile: hakula, hakuja skuli, alikosa jaribio. Watoto wengi hapo ndipo wanapouona uso ambao hawakuuona walipokuwa wakiandika. Atafuta alichokiweka mbele yenu, na atakwenda kwa mmoja mmoja aliyemtumia kumuomba afute. Kazi hiyo ni ndefu, inachosha, na inalingana na kosa kuliko fimbo. Kuomba radhi kusiwe kwa lazima wala kwa haraka. Yule binti ndiye atakayesema kama anataka kuombwa, wapi, na mbele ya nani, na akisema hataki, mwenziwe abaki na kazi yake ya kufuta na wewe ubaki unamwangalia mpaka mwisho wa muhula. Mwangalie na yeye kwa huruma pia. Mtoto wa miaka kumi anayekaa usiku kuwasema wenziwe mmoja mmoja, mara nyingi kuna mtu anayemsema yeye, na huenda wewe ukawa wa kwanza kumuuliza.